Foleni ya Pili

Jina la Kiberiti hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa idara ya mitambo, kwa sababu ukimgusa kidogo anawaka, na akishawaka hazimi mpaka kitu kiungue. Haya, mtu mwenye moto wa namna hiyo, ukimpa sababu ya kweli ya kukasirika, si ndiyo utafute pa kukimbilia? Lakini balaa ya mambo haya ni kwamba moto wake wa kwanza ulimwangukia asiyestahili. Ulimwangukia mdogo wake wa tumbo moja, mbele ya mama yao.

Mdogo mwenyewe nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Alikuwa mpokea simu katika kituo cha magari ya wagonjwa. Mchana mmoja akapiga mwanamume mmoja, pumzi juu juu, anasema baba yake ameanguka sakafuni na hajitambui. Kitinda akachukua anwani, akatuma gari. Gari likatoka bila kuchelewa. Lilipofika likakuta mlango wazi na nyumba tupu. Yule mwanamume alikuwa ameshambeba baba yake mgongoni, ametoka naye mbio kutafuta jirani mwenye gari, na mzee wa watu akakata roho kabla hawajafika hospitali.

Alipoulizwa kwa nini hakungoja, alijibu kwa uchungu, "Ningengoja nini? Nilimuuliza yule dada nifanye nini, akanyamaza. Nikaona hana habari na mimi. Nikakata simu."

Basi, maneno hayo yakamgeukia Kitinda. Akasimamishwa kazi, ikaundwa kamati, na minong'ono ikaanza kwamba akipatikana na hatia hatafukuzwa tu, atafikishwa polisi kwa uzembe uliosababisha kifo. Na nani aliyeambiwa aitoe rekodi ya simu ile ili kamati isikilize? Dada yake. Simu zote za kituo zilikuwa zinapitia makao makuu, upande wa pili wa mji, na zinarekodiwa huko huko. Kiberiti ndiye fundi wa mtandao wa pande zote mbili. Akakaa makao makuu, akavaa vipokea sauti, akasikiliza.

Alichosikia kilimkata maini. Mwanamume anasema, kisha kimya. Anaita, "Haloo? Haloo, dada!" Kimya. Sauti ya Kitinda inatokea tu wakati ambao mwenzake ameshaanza kupiga kelele, wanagongana, hawaelewani. Mwisho kabisa yule mtu anauliza, "Sasa nifanye nini? Niambie basi, nifanye nini?" Kimya kirefu, kirefu mno, na simu inakatwa.

Alifika kwa mama yake jioni hiyo bila hata kupiga hodi. Kitinda alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamsaidia mama yao kukunja nguo.

"Ulikuwa unafanya nini wewe?" Kiberiti alianza akiwa bado mlangoni. "Mtu anakufa, wewe unachati?"

"Nilimjibu, dada. Papo hapo. Nilimwambia asimwinue, amlaze ubavu, gari limeshatoka."

"Usinidanganye! Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Umekaa kimya kama maji ya mtungini!"

"Punguza sauti," mama alisema. "Huyo ni mdogo wako."

"Ndiyo maana inaniuma, mama! Angekuwa mtoto wa mwingine ningelala usingizi."

Kitinda aliliweka chini shati alilokuwa analikunja. Hakulia wala hakubisha. Alimtazama dada yake, akasema, "Hata wewe," kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Mama aliendelea kukunja nguo peke yake, na hakumkaribisha Kiberiti akae.

Kesho yake Kiberiti alikwenda kituoni kwa kazi nyingine, kubadilisha kifaa kilichoharibika, akiwa bado amenuna. Kiti cha Kitinda kilikuwa kitupu. Kiti cha pili alikikalia mpokea simu mwenzake waliyemwita Redio, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia.

"Afadhali umekuja," Redio alisema. "Sisi hapa tunaongea, watu hawatujibu. Wanatutukana! Jana bibi mzima kaniita bubu. Mimi! Bubu!"

Kiberiti aliacha alichokuwa anafanya. "Tangu lini?"

"Tangu uliporudi likizo. Hapana, kabla hujarudi. Tena wanakuwa wabaya zaidi magari yakirudi."

"Na mkanyamaza?"

"Nani kanyamaza? Tumemwambia mkuu wako mara ngapi! Anatuambia chati yake ya ukutani ni ya kijani, hakuna tatizo, tujifunze kuongea na wateja."

Kiberiti alikaa kwenye kiti cha mdogo wake, akavaa kipokea sauti sikio moja, akapiga namba ya simu yake ya mkononi, akaipokea, akaiweka kwenye sikio la pili. Simu hiyo ilibidi ipite makao makuu na kurudi, kama simu nyingine zote. Akaikunjia uso ruta, kile kisanduku kinachopitisha mawasiliano yote ya kituo, akasema kwenye kipaza sauti, "Haya, sema, mpumbavu we!"

Hakikusikika kitu. Redio akamtazama. Mahali pengine simu ikalia, mtu akaipokea, na ndipo kwenye simu ya mkononi, sikioni mwake, ikatoka sauti kali ya mwanamke, "Haya, sema, mpumbavu we!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kujisikia namna ile watu wengine wanavyomsikia, na hakuipenda hata kidogo. Akajaribu upande mwingine, akaongea kwenye simu ya mkononi. Maneno yakafika kwenye kipokea sauti papo hapo. Kumbe kuja kulikuwa kuzuri. Kwenda ndiko kulikokuwa kunalala njiani. Kitinda alimsikia yule mwanamume vizuri kabisa, akamjibu vizuri kabisa, na majibu yakakwama mahali wakati mwenzake anasikiliza ukimya. Na rekodi, kwa kuwa ilichukuliwa makao makuu, ilinasa ukimya ule ule.

Damu ilimpanda mpaka utosini. Alifungua ruta ya kituo.

Sasa hapa inabidi kueleza kidogo, na haina ugumu. Mtandao hukatakata kila sauti na kila picha kuwa vipande vidogo, mafundi wanaviita pakiti, na pakiti zote za kituo zilitoka kwenda makao makuu kupitia mlango mmoja mwembamba wa ruta. Kukiwa na msongamano, lazima kuwe na foleni. Kiberiti mwenyewe ndiye aliyeandika sera ya foleni hiyo: sauti zitangulie daima, taarifa za wagonjwa zifuate, na picha za kamera za magari, zile zinazomwagwa kwa mkupuo gari likirudi kituoni, zikae nyuma kabisa. Aliisoma sera yake mstari kwa mstari. Ilikuwa vile vile. Ruta ilimwonyesha kwamba sauti zinatambuliwa na zinatangulizwa, hata moja haikusahauliwa. Ungeapa kila kitu kiko sawa.

Lakini nyuma ya foleni hiyo kuna foleni ya pili, ndogo, iliyokaa mlangoni penyewe. Hiyo haijui mkubwa wala mdogo. Aliyeingia kwanza anatoka kwanza, basi. Inatakiwa iwe fupi sana, ichukue pakiti chache tu, ili upangaji wote ufanyike kabla. Mtu alikuwa ameirefusha. Si kuirefusha kidogo, ameinyoosha ikameza pakiti zaidi ya elfu. Picha za kamera zilikuwa zinaijaza yote, na sauti, baada ya kutangulizwa kwa heshima zote kwenye foleni ya kwanza, ilikwenda kusimama mwisho wa foleni ya pili nyuma ya picha za barabara tupu.

Hakuhitaji kupeleleza ni nani. Katika idara yao kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angefikiria kitu cha namna hiyo.

Mkuu wa mitambo walimwita Bwana Kijani. Kila Jumatatu, katika chumba cha mikutano cha makao makuu, ukutani iliwashwa chati ya pakiti zilizotupwa. Ruta ikijaa hutupa, na ikitupa chati huonyesha nyekundu, na Mkurugenzi akiona nyekundu hufoka mbele ya watu wote. Bwana Kijani alikuwa amefokewa mpaka akachoka. Miezi ya karibuni ukuta ulikuwa wa kijani kutoka kona hadi kona, na yeye alikuwa anatembea kifua mbele.

"Ni wewe uliyerefusha foleni ya mlangoni kule kituoni?" Kiberiti alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Ni mimi," alijibu kwa fahari, "ulipokuwa likizo. Ilikuwa inatupa kila siku. Sasa je, umeuona ukuta? Na sera yako sijaigusa hata herufi moja."

"Hukuigusa, umeizika! Mlango ukishapewa foleni ndefu hivyo, sera inampangia nani? Sauti zinakaa humo mpaka mtu anakata simu!"

"Lakini hakuna inayotupwa."

"Picha zitupwe! Picha ikitupwa inatumwa tena, hakuna anayekufa. Sauti ikichelewa hivyo ni sawasawa na kutosemwa kabisa."

Bwana Kijani hakuwa mjinga. Kiberiti alimwona akielewa, alimwona usoni, na kwa muda mfupi alidhani wameshamaliza. Yule bwana aliinuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Sikiliza, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kikao ni keshokutwa. Nikisema leo kwamba mtandao ulichelewa, swali litakalofuata ni nani aliyegusa. Mimi nina familia. Tuache kikao kipite, halafu tutarekebisha polepole."

"Na Kitinda?"

"Kitinda bado kijana. Watamhurumia. Atapata kazi nyingine."

Kiberiti aliyasikia maneno hayo. Aliwahi kukasirika maishani mwake, kukasirika ilikuwa kama kazi yake ya pili, lakini hasira hii haikuwa na kelele.

"Wewe ni mtu mzima," alisema, "una watoto, unamwona binti wa watu anapelekwa polisi kwa kosa lako, na unaniambia polepole?"

"Usiiguse ruta ile. Hilo ni agizo."

Hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla hajapewa kiti cha ofisini, na ambaye wote bado walimwita Mama Mkunga. Alimwomba jambo moja: Kitinda asiitwe makao makuu. Ahojiwe kwa simu, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, saa ambayo magari yanarudi.

"Kwa nini?" Mama Mkunga aliuliza. "Unataka kumficha mdogo wako?"

"Nataka mmsikie, mama."

Mama Mkunga alimkazia macho, akasema sawa. Jioni Kiberiti alimpigia mdogo wake. Kitinda aliona namba ni ya nani, hakupokea. Ikabidi ujumbe upite kwa mama yao.

Siku ya kikao, chumba kilikuwa kile kile cha mikutano. Ukutani chati inang'aa kijani. Mezani simu yenye spika, wanakamati wamekaa upande mmoja, Bwana Kijani upande wa pili anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mfiwa aliketi peke yake karibu na dirisha, katika shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kiberiti alikuwa na kompyuta yake mapajani, kwa kuwa ndiye mwenye kazi ya kupiga rekodi.

Ikapigwa. Kimya kile kikajaa chumbani. Mfiwa alitazama chini.

"Haya," Mama Mkunga alisema mbele ya spika, "binti, umesikia. Tueleze, ulikuwa umeduwaa au ulikuwa una shughuli nyingine?"

Kimya.

"Binti, nakuuliza."

Kimya bado.

"Ala! Tunacheza hapa? Binti, nime..."

"Sikuduwaa, mama, nilikuwa..." sauti ya Kitinda iliibuka, ikagongana na yake, wote wawili wakanyamaza, kisha wote wawili wakaanza tena kwa pamoja. Mama Mkunga alipiga meza kwa kiganja. "Mnaona wenyewe! Hata leo, mbele ya kamati, ananijibu anapojisikia!"

"Mama," Kiberiti alisema, "umekasirika?"

"Kwa nini nisikasirike?"

"Baba yako angekuwa sakafuni, ungeendelea kushika hiyo simu?"

Mama Mkunga alimgeukia. Bwana Kijani akakohoa, akasema haya ni mambo ya kiufundi, si mahali pake. "Mwache aseme," Mama Mkunga alimkatiza.

"Mama, wodini kwako, mjamzito anayetoka damu akifika mapokezi, muuguzi humtanguliza mbele ya wote. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa mlangoni kwa daktari kuna benchi. Watu wawili tu, ndio wanaofuata. Mtu akija akaliongeza benchi lile mpaka likazunguka ukumbi mzima, akawaketisha watu mia wenye mafua ili mapokezi paonekane hapana msongamano. Yule mjamzito akitoka mapokezi, akitangulizwa kwa heshima zote, anakwenda kukaa wapi?"

"Mwisho wa benchi," Mama Mkunga alisema taratibu.

"Mdogo wangu alijibu papo hapo. Maneno yake yalikwenda kukaa mwisho wa benchi."

Akaigeukia kompyuta. Bwana Kijani aliinuka. "Nilikukataza kuigusa! Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze nikimaliza," Kiberiti alisema, na akairudisha foleni ya mlangoni katika ufupi wake wa zamani.

Kwanza haikutokea kitu. Kisha ukutani, kona ya chini, kikatokea kijistari chekundu, kikapanda, kikanenepa, mpaka kijani chote cha kituo kikamezwa.

"Inatupa!" Bwana Kijani alipiga kelele. "Inatupa, si unaona inatupa!"

"Itupe! Ni picha za barabara! Zitakuja tena! Mama, mwite."

"Binti, upo?" Mama Mkunga aliuliza.

"Nipo, mama."

Jibu lilifika kabla hajafumba mdomo. Mama Mkunga akauliza tena, jambo dogo tu, umekula leo, na Kitinda akasema hajala, na ilikuwa kama yumo humo chumbani. Wanakamati walitazamana. Mama Mkunga alivua miwani yake, akamwelekea Bwana Kijani.

"Ulijua?"

"Nimejua juzi tu."

"Juzi. Na leo ulikuwa umekaa hapo unatusikiliza tukimsulubu."

Kiberiti alijaa maneno mdomoni, yote makali, aliyoyapanga siku mbili nzima. Alikuwa ndio anaanza la kwanza alipomwona mfiwa.

Alikuwa amemsahau. Wote walikuwa wamemsahau. Yule mwanamume alikuwa amesimama, anaitazama simu ile mezani, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Alikuja pale akiwa na mtu wa kumlaumu. Sasa alikuwa ameelewa jambo ambalo hakuna aliyemweleza kwa mdomo: kwamba siku ile jibu lilikuwa njiani, na aliyekata simu ni yeye.

Kiberiti alimeza maneno yake yote. Hasira ilikuwa bado imo, imejaa tele, lakini haikuwa na mahali pa kwenda ambapo pangemsaidia mtu huyu.

Mfiwa akasogea mezani. "Dada," aliita. "Ni mimi."

"Naijua sauti yako," Kitinda alijibu. "Pole, kaka. Pole sana."

"Siku ile nilikuuliza nifanye nini. Ulinijibu?"

"Nilikujibu."

"Hebu nijibu tena. Vile vile ulivyosema."

Spika ilinyamaza kidogo, na safari hii hapakuwa na ruta ya kulaumu. Kisha Kitinda alisema, kwa sauti ya kazini, ya utulivu, sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia, "Usimwinue, kaka. Mlaze ubavu, mlegezee vifungo vya shingoni. Gari limeshatoka, linakuja kwako. Usikate simu. Niko hapa na wewe."

Mfiwa aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mwenzake anamwona.

"Sawa, dada," alisema. "Sikati. Nangoja."

Akavuta kiti, akaketi, akaisogeza ile simu karibu yake kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba kikao kimekwisha.